Mausi Ikigoma, Usiibebe Kompyuta Mbio kwa Fundi

Kompyuta nyingi za majumbani kwetu ni za zamani, zilizonunuliwa zikiwa zimeshatumika. Siku kishale kikiganda au kurukaruka kwenye skrini, mwenyewe hudhani mashine imekufa, akaibeba mbio kwa fundi. Mara nyingi kilichougua ni mausi tu, na dawa yake iko nyumbani.

Kwanza okoa kazi yako: bonyeza Ctrl na S. Kisha bonyeza Alt na F4 kufunga programu moja moja, hadi Windows ikuulize kama wataka kuzima. Teua kwa vitufe vya mishale, halafu Enter.

Sasa tazama nyuma ya kompyuta. Mausi ya zamani ina plagi ya duara yenye pini nyembamba, na tundu lake aghalabu ni la kijani. La zambarau ni la kibodi. Hakikisha pini hazikupinda, ichomeke barabara, ndipo uwashe. Plagi hii haichomekwi kompyuta ikiwa inawaka. Ile bapa ya USB haina sharti hilo. Jaribu tundu jengine.

Bado? Igeuze. Ikiwa ina mpira, zungusha kifuniko kufuata mshale, utoe mpira. Ndani mna virola vidogo. Vumbi na nywele hujisokota hapo mpaka vikashindwa kuzunguka. Vikwangue taratibu kwa kijiti cha pamba chenye spiriti kidogo. Mpira uoshe kwa maji na sabuni, ukauke kabisa kabla ya kuurudisha.

Ikiwa ni ya taa nyekundu, pangusa kijitundu cha taa, na usiitumie juu ya meza ya kioo. Tandika karatasi chini yake.

Ukibofya mara moja ikahesabu mbili, swichi ya ndani imechakaa. Kishale kikirudi ukikunja waya, waya umekatika. Hapo kusafisha hakusaidii.

Mwisho, azima mausi ya jirani yenye plagi kama yako. Ikifanya kazi, nunua mausi peke yake. Ikigoma nayo, hapo nenda kwa fundi, umweleze yote uliyokwisha kujaribu. Mteja anayejua tatizo liko wapi si rahisi kutozwa matengenezo ya kompyuta nzima kwa sababu ya vumbi.