Vespa ya Marehemu Ami Yafufuliwa Kware

Msomaji uliyekulia Mombasa, Malindi au Unguja, huenda hukumbuki mara ya kwanza ulipopanda Vespa. Ulipandishwa ungali mdogo, ukasimamishwa mbele kati ya mikono ya baba au ami, na mama nyuma ameketi upande, buibui amelishika kwa mkono mmoja. Tumekizoea chombo hiki hata hatujiulizi kwa nini watu wavaao kanzu na buibui walikipokea upesi namna ile, ilhali kimetoka Italia kwa watu wavaao suruali.

Jawabu li katika umbo lake. Pikipiki ya kawaida yamtaka mtu atanue miguu na kuipanda kama farasi. Kanzu itapanda hadi magotini, na pindo likiteleza kidogo mnyororo utalikamata. Vespa haina mnyororo. Injini na gia zake zimefungwa pamoja ubavuni mwa gurudumu la nyuma, zikafunikwa kwa shavu la bati, na mbele kuna ngao pana ikingayo tope na maji ya mvua. Mtu hupita katikati, akaketi kama aketivyo kitini, miguu pamoja, kanzu yake nyeupe hata msikitini ikafika nyeupe.

Yote haya hayakutokea kwa bahati. Aliyeibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege, na pikipiki hakuzipenda hata kidogo. Aliziona chafu, ngumu kupanda na zenye taabu tairi linapopasuka. Kiwanda cha Piaggio kule Pontedera kilikuwa kikiunda ndege, na vita vya pili vya dunia vilipokwisha kilikuwa kimebomolewa kwa mabomu. Bwana Enrico Piaggio alitaka chombo rahisi cha kuwaendesha raia ambao hawakuwa na fedha za kununua motokaa. D'Ascanio akamchorea chombo kisicho na fremu ya mabomba, bali bodi moja ya bati lililokunjwa, na gurudumu la mbele likashikwa kwa mkono mmoja tu upande mmoja, kama magurudumu ya ndege. Kwa hivyo tairi likitoboka hufunguliwa kama la gari. Hati ya uvumbuzi iliombwa tarehe 23 Aprili 1946. Jina Vespa kwa Kitaliano ni nyigu, na ukiitazama kiuno chake na kuisikia ikinguruma hutauliza kwa nini. Miaka miwili baadaye, 1948, kiwanda hicho hicho kikatoa chombo cha magurudumu matatu kikakiita Ape, yaani nyuki. Hao nyuki ndio wazazi wa tuktuk nyingi zinazotusumbua masikio leo hii katika barabara za Mombasa.

Nimeyasoma haya kwa sababu ya haja. Kwa muda wa miezi minane nimekuwa nikiifungua na kuifunga Vespa 150 Super katika chumba changu cha chini hapa Kware. Mtu wa pwani akisikia Kware atamfikiria yule ndege wa porini. Sivyo. Kware ya Nairobi ni machimbo ya mawe, neno lililobaki baada ya mawe kuchukuliwa, na leo mahali penyewe pamejaa magorofa yaliyosongamana kati ya Pipeline na Mukuru, maji yakipandishwa ngazi kwa mitungi, na juu yetu ndege ziendazo uwanja wa Embakasi zikipita chini chini. Ukitaka mahali pa kutengeneza Vespa kwa utulivu, usije huku. Lakini ukitaka fundi wa kuchomelea, fundi wa kukereza, muuza boliti na muuza chai, wote utawapata kabla hujamaliza kuvaa viatu.

Vespa si yangu. Ni ya marehemu ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyeipanda Mombasa kwa miaka mingi mpaka macho yalipomkataza. Baada ya hapo ilikaa uani chini ya mwembe, kuku wakatagia ndani ya shavu la kushoto. Ami alipofariki aliacha mjane, kijana mmoja aliyeko Maskati, na mabinti wawili. Mimi, mtoto wa nduguye, sirithi kitu maadamu kijana wake yu hai, na hapo ndipo ulipoanzia ugumu wote. Nilikuwa na spana, nikawa na hamu, lakini sikuwa na haki.

Muuza vyuma chakavu alikuwa amekwisha kuja na mizani. Alitoa shilingi elfu nne, kwa kilo. Binti mdogo alisema achukue, uwanja upate nafasi. Mke wa ami hakusema neno, ila alikwenda akakaa kwenye ngazi kati ya yule mtu na Vespa. Nikamwambia, "Mama, nipeni mimi niitengeneze." Akajibu, "Mwanangu, si yangu peke yangu nikakupa."

Tukamwendea maalim mmoja wa mtaani. Nilitaraji atatusomea mambo ya subira. Badala yake alisema maneno ya mfanyabiashara. Alisema kwanza madeni ya marehemu yalipwe. Kisha Vespa ithaminiwe kama ilivyo, na kutu yake na mayai yake, kabla spana haijaigusa, na thamani iandikwe. Kila senti itakayotumika iandikwe vilevile, na warithi wote waridhie, hata aliye mbali. Na mimi niseme mbele ya watu kama kazi yangu ni ya ujira au ni ya hisani, kwa sababu jambo hilo likiachwa kimya, jamaa watakuja kuvunjiana heshima. Nikasema ni ya hisani. Daftari likafunguliwa, na kijana wa Maskati akaridhia kwa simu, ingawa alicheka. Mwisho wa juma Vespa ikaja Nairobi juu ya lori la vitunguu.

Sasa tuingie karakana. Injini ya Vespa ni rahisi kuitoa kuliko ya pikipiki yoyote niijuayo. Ukikwisha kufungua nyaya zake na ekzosi, hubaki imeshikwa na boliti mbili: ya shoki ya nyuma, na moja ndefu ipitayo kutoka ubavu hadi ubavu. Ya shoki ilitoka kwa dakika kumi. Ile ndefu ilinichukua siku tisa. Chumvi ya bahari ilikuwa imeingia ndani ya mpira wake, ikaikamata boliti na bomba lake vikawa kitu kimoja. Nilimimina dizeli kila usiku. Nilijaribu mafuta ya breki. Niliipasha moto, nikaipiga nyundo, nikaipasha tena. Ghorofa ya juu yangu kulikuwa na mtoto mchanga, na msimamizi wa nyumba aliniruhusu nyundo baina ya alasiri na magharibi tu. Adhana ikisikika, nyundo chini. Siku ya tisa nikaiacha nyundo nikachukua jani la msumeno wa chuma, nikalipenyeza kati ya bodi na injini, nikakata upande huu na upande huu kwa mkono. Injini ikaanguka juu ya gunia. Boliti mpya ilikerezwa siku hiyo hiyo, na fundi wa kereza akaniuliza kama naunda trekta.

Ndani, pistoni ilikuwa imeganda. Hapo haraka ni hasara, kwani ukiipiga utaivunja. Niliilaza kwa juma zima katika dizeli na oili, kisha nikaigusa kwa kipande cha mti, ikasogea. Silinda ya Super ina kipenyo cha milimita 57, na pistoni husafiri milimita hizo hizo 57, ndiyo jumla yake ikawa sentimita za ujazo 145 na kitu. Yetu ilikuwa imelika, basi ilikerezwa kidogo na kutiwa pistoni kubwa zaidi. Lakini hofu yangu haikuwa silinda. Katika injini hii petroli haiingii kwa vali za kawaida. Krenki yenyewe, inapozunguka, ndiyo inayofunika na kufunua tundu la kabureta, ikipita karibu mno na uso uliosawazishwa ndani ya kasha. Uso huo ukichanwa na mchanga au kipande cha beringi, upepo huvuja, na injini haitatulia tena. Hilo silo jambo la kununua dukani. Nilimulika tochi pale kabla sijavuta pumzi. Ulikuwa laini kama kioo. Ami alikuwa mtu wa kuchuja petroli yake kwa kitambaa, na watu wakimcheka.

Spea hazikunisumbua sana, na shukrani ziwaendee Wahindi. Kampuni ya Bajaj iliunda Vespa kwa idhini ya Piaggio mpaka mkataba ulipokwisha mwaka 1971, na mwaka uliofuata ikatoa Chetak, iliyoitwa kwa jina la farasi wa Maharana Pratap, yenye mifupa ile ile. Waya, platini, kondensa, mipira, sili za krenki, vingi vya Bajaj huingia katika Vespa. Vingine vyataka kubembelezwa kwa tupa. Unguja nako wako mafundi ambao mashavu ya Vespa wameyatundika ukutani kama wenzao watundikavyo picha za jamaa. Petroli huchanganywa na oili asilimia mbili, yaani mililita 200 kwa lita kumi. Vijana wa kituo cha petroli hapa hunitazama kama mtu atiaye sukari katika supu.

Kuhusu rangi nina neno. Siku hizi kuna mtindo wa kuzipaka Vespa rangi za peremende, kiti cheupe, kioo juu ya kioo, ili ifanane na ile ya filamu ya mwaka 1953 ambayo Gregory Peck na Audrey Hepburn waliizungukia Roma. Kila mtu na mali yake. Ya ami nilipoikwangua nilikuta kijani, chini yake samawati, na chini ya tangi, mahali jua halikufika, buluu iliyofifia kama mlango wa zamani wa Mji wa Kale. Hiyo ndiyo niliyoirudisha. Sakafu ilikuwa imetobolewa na kutu ikachomelewa bati jipya, lakini mpira wa kanyagio la breki sikuubadilisha. Umelika upande mmoja kwa kisigino cha mtu mmoja, na bado unafanya kazi.

Iliwaka jioni moja baada ya kiki kumi na mbili hivi, moshi ukajaa ngazi zote, na watoto wa ghorofa sita wakashuka. Niliupeleka mlio wake kwa simu Mombasa na Maskati. Kijana safari hii hakucheka.

Matatizo halisi yalianza hapo, kwani kitu kibovu hakina wagombezi. Mwenye hoteli mmoja wa pwani alisikia, akatoa shilingi laki moja na elfu sitini. Hakutaka hata kuisikia injini. Alitaka kuisimamisha mlangoni chini ya maua wageni wapige picha. Tukafungua daftari la maalim. Gharama zote zilikuwa elfu sitini na nne. Zilizobaki, elfu tisini na sita, zikagawiwa mafungu thelathini na mawili: mjane thumni yake, mafungu manne, elfu kumi na mbili, kijana mafungu kumi na manne, elfu arubaini na mbili, kila binti mafungu saba, elfu ishirini na moja. Hesabu ilikuwa safi. Kijana na binti mdogo wakasema iuzwe. Mimi nilinyamaza, na haikuwa rahisi, kwa maana kila boliti ya chombo kile naijua kwa kidole.

Aliyesema ni binti mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye kila asubuhi hushindana na matatu. Alisema atainunua yeye, kwa bei ile ile ya mwenye hoteli, fungu lake likatwe humo. Nduguye akamwuliza kwenye simu, mwanamke mwenye buibui ataiendeshaje? Akajibiwa kwamba baba yao aliiendesha kwa kanzu miaka yote hiyo, na kanzu na buibui vina tofauti gani mbele ya chombo kisicho na mnyororo? Chama chake cha akina mama kikamkopesha bila riba. Mke wa ami akasema thumni yake amempa bintiye, kwa sharti la kupelekwa sokoni Ijumaa kabla ya saa tatu.

Umebaki uandikishaji. Kadi bado ina jina la marehemu, na ili ibadilishwe sharti warithi wathibitishwe. Mambo ya mirathi ya Waislamu wanaoridhia kwenda huko yamewekwa chini ya Mahakama ya Kadhi na kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010, na jalada limekwisha kupelekwa. Wakati tukingoja, bibie alikuja Kware siku tatu za likizo nikamfundisha katika uwanja wa vumbi nyuma ya magorofa. Klachi ni mkono wa kushoto, na gia ni mkono huo huo, wazungusha usukani wenyewe. Hilo humchanganya kila mtu siku ya kwanza. Siku ya tatu aliingiza gia ya nne. Kwa kasi gani hatukujua, maana kipima mwendo bado hakifanyi kazi. Waya wake umeagizwa Unguja.