Haki ya Matunzo Katika Ndoa ya "Sogea Tukae"

Nchini Tanzania, mwanamume na mwanamke wanaoishi kinyumba bila kufunga ndoa husemwa mtaani kuwa wako kwenye "sogea tukae". Wengi huamini kwamba wawili hao wakiachana, hakuna anayemdai mwenzake chochote, kwa kuwa hakuna cheti. Sheria haisemi hivyo.

Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaweka dhana ya ndoa. Wawili wakithibitika kuwa wameishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi, na jamii ikawatambua kama mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana, mpaka ithibitike vinginevyo. Miaka peke yake haitoshi. Mahakama husikiliza ndugu, majirani na mjumbe wa mtaa: je, waliitwa baba na mama fulani? Walihudhuria misiba na harusi kama mke na mume? Mkataba wa pango wenye majina ya wote wawili husaidia, na kadi ya kliniki ya mtoto pia.

Dhana ikisimama, mahakama inaweza kugawa mali walizochuma pamoja. Mchango wa kila mmoja haupimwi kwa fedha tu. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ambao walikuwa wanandoa, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Kupika, kufua na kulea ni jasho.

Dhana inaweza kukanushwa, kwa mfano ikibainika kwamba mwanamume alikuwa bado katika ndoa ya mke mmoja. Hata hapo, mwanamke aliyethibitisha kuishi naye kama mke kwa miaka 2 au zaidi anaweza kuomba matunzo yake na ya kila mtoto wao.

Mtoto hasubiri dhana hiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawabebesha wazazi wajibu wa kumtunza, wawe wameoana au la, na mahakama hupima kipato chao kabla ya kupanga kiasi.

Maombi ya Sheria ya Ndoa yanaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo. Aliyeachwa asiondoke na begi la nguo tu kwa kuambiwa kwamba hakuolewa: kwanza akaulize haki yake mahakamani.