Lugha ya Mapenzi katika Wimbo Ulio Bora



Katika Agano la Kale kimo kitabu kidogo ambacho wengi wetu hukipita upesi, kama mtu apitaye karibu na dirisha la chumba cha maharusi. Kitabu hicho ni Wimbo Ulio Bora. Kina sura 8 na aya 117 tu. Vipande vya sura ya 2 na ya 8 vimo katika masomo ya Misa ya ndoa, lakini sehemu nyingine twaziacha zimefungwa. Katekista huona haya kuzifundisha. Na kijana akiifungua sura ya 4 mwenyewe, akakuta nywele za mwanamke zimefananishwa na kundi la mbuzi, hucheka na kukifunga kitabu. Leo tuitazame lugha hiyo, maneno yake na mifano yake, kwani ndani yake mna fundisho juu ya namna mtu anavyopaswa kumtazama yule ampendaye.

Tuanze na jina. Kwa Kiebrania kitabu huitwa Shir Hashirim, yaani Wimbo wa Nyimbo. Waebrania walipotaka kusema kwamba kitu kimevipita vingine vyote, walilirudia neno lake kwa wingi. Ndivyo walivyoiita sehemu ya ndani kabisa ya Hekalu Patakatifu pa Patakatifu. Wafasiri wetu basi walisema kweli walipoandika Wimbo Ulio Bora.

Sasa tuwaendee wale mbuzi. Mbuzi wa nchi ile kwa kawaida ni weusi, tena wana manyoya marefu. Gileadi ni nchi ya milima, mashariki ya mto Yordani. Mtu aliyesimama mbali, akaona kundi zima likishuka mlimani, hawezi kumtambua mbuzi mmoja mmoja. Huona weusi unaong'aa, unaotiririka na kucheza-cheza kwenye mteremko. Huo ndio mwendo wa nywele alioukusudia mshairi. Naye anayafananisha meno ya mpenzi wake na kondoo majike waliokatwa manyoya, wanaotoka kuogeshwa, kila mmoja na mapacha wake. Maana yake, meno ni meupe, kila jino lina mwenziwe, wala hapana pengo. Tena katika Kiebrania mshairi anacheza na sauti: neno shekulam, yaani "ambao wote", linafuatwa na neno shakula, yaani "aliyefiwa na watoto". Sikio la Mwebrania lilifurahia mchezo huo kama sikio letu linavyofurahia vina vya shairi. Katika tafsiri, mchezo umepotea, wakabaki kondoo.

Tena tunakuta shingo iliyofananishwa na mnara wa Daudi uliotundikwa ngao. Msomaji wa leo hufikiria urefu, akashangaa. Lakini kwa watu wa zamani mnara ulikuwa heshima na kinga ya mji. Mwanamke huyu aliyevaa mikufu, shingo yake imenyooka, haingiliwi kama uwanja usio na ua.

Mkisha kuielewa mifano hii michache, mtaona ina jambo moja linaloiunganisha. Hatuwezi kuchora sura ya msichana huyu kwa kuyafuata maneno ya mshairi. Tukijaribu, tutachora kichekesho. Tunachokijua ni thamani yake machoni pa mpenzi wake. Alipomtazama, aliona kila kilicho chema katika nchi yake: mifugo isiyopungukiwa, chungu ya ngano, makomamanga, divai, minara, miji ya kifalme. Wafugaji wa kwetu waimbao sifa za ng'ombe wao wataielewa lugha hiyo upesi kuliko msomi wa mjini. Wataalamu huliita shairi la namna hii kwa neno la Kiarabu, wasf, yaani kusifu viungo vya mwili kimoja baada ya kingine. Kwa shina hilohilo sisi tumepata maneno wasifu na sifa.

Tugeukie bustani. Mpenzi anamwita msichana bustani iliyofungwa, yenye nardo, manemane, ubani na hina. Watu wa pwani yetu, ambako bibi arusi hupambwa kwa hina na nyumba hufukizwa ubani, hawahitaji kuelezwa zaidi. Lakini liko neno moja linalotugusa sote. Mshairi anaitaja bustani hiyo kwa neno pardes, ambalo Waebrania walilipata kwa Waajemi. Wayunani nao walilichukua, wakasema paradeisos; Waarabu wakasema firdaus. Hivyo maneno yetu mawili, Paradiso na Firdausi, ni ndugu wa bustani ya wapendanao hawa.

Tena si kwa bahati tu kwamba tunaikumbuka Edeni. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 3, baada ya dhambi, mwanamke anaambiwa kwamba tamaa yake itakuwa kwa mumewe, naye mume atamtawala. Neno la Kiebrania la tamaa hiyo, teshuka, limo mara 3 tu katika Biblia nzima: mara 2 katika Mwanzo, na mara ya tatu katika Wimbo Ulio Bora, sura ya 7. Hapa jambo limegeuzwa. Mwanamke ndiye anayesema, naye anasema kwa furaha kwamba tamaa ya mpenzi wake ni kwake yeye. Utawala hautajwi. Watu wawili waliojificha kwa hofu katika bustani ya kwanza, hapa wamo bustanini tena, wanatafutana bila hofu.

Tuangalie pia majina wanayoitana. Mwanamume humwita msichana raya, neno lenye maana ya mwenzi, rafiki wa karibu. Humwita pia dada, kama walivyoitana wapendanao katika nyimbo za kale za Misri. Msichana naye humwita dod, mpendwa. Baba Mtakatifu Benedikto wa 16, katika waraka wake wa mwaka 2005 juu ya Mungu aliye Upendo, alionyesha kwamba kitabu hiki kina maneno mawili ya mapenzi. Neno dodim ni mapenzi ambayo bado yanatafuta na kuyumba. Neno ahava ni upendo unaomjali mwenzi na kumtakia mema. Kitabu hakilitukani lile la kwanza. Chalichukua kwa mkono na kulipeleka kwa la pili.

Sasa, wapendwa, tulifikie neno dogo kuliko yote. Katika sura ya 1 msichana anawaambia binti za Yerusalemu kwamba yeye ni mweusi, tena kwamba ni mzuri. Kati ya maneno hayo mawili, Kiebrania kinaweka herufi moja tu, vav. Herufi hiyo huunganisha. Mara nyingi maana yake ni "na". Pengine, kwa jinsi habari inavyokwenda, huweza kuwa "lakini". Wayahudi waliotafsiri kwa Kiyunani waliandika "na". Tafsiri ya Kilatini iliyoenea katika Kanisa iliandika "lakini", na tafsiri nyingi zikafuata. Tofauti ya maneno hayo ni kubwa sana. Anayesema "na" anaufurahia weusi pamoja na uzuri. Anayesema "lakini" anauombea weusi radhi.

Msichana mwenyewe anaeleza kisa chake: ndugu zake walimkasirikia, wakamweka alinde mashamba ya mizabibu, jua likamchoma. Binti za mjini, waliokaa kivulini, wanamkodolea macho. Kama "lakini" imo katika habari hii, basi imo machoni pao. Yeye anajifananisha na mahema ya Kedari, yaliyofumwa kwa manyoya meusi ya mbuzi; na jina Kedari lenyewe linafanana na shina la Kiebrania lenye maana ya weusi. Tena tumekwisha kuona kwamba manyoya hayohayo meusi ndiyo mpenzi wake aliyoyasifu katika nywele zake. Kile kilichodharauliwa na wengine, mwenye upendo alikifanya wimbo.

Tunawaomba makatekista wayatafakari haya pamoja na vijana. Wako mabinti zetu wanaoiharibu ngozi waliyopewa na Mungu kwa mikorogo, kwa kuwa tangu utotoni waliambiwa: mtoto huyu ni mzuri, lakini mweusi. Na katika ndoa, ni mara ngapi twasikia: mke wangu ni mwema, lakini kwao ni maskini; mume wangu ananijali, lakini hakusoma; tunapendana, lakini Mungu hakutujalia mtoto? Neno hilo dogo hula nyumba kama mchwa. Kwa nje ukuta umesimama, ndani umekuwa vumbi.

Rabi Akiba, mwalimu mkuu wa Wayahudi katika karne ya 2, aliwajibu waliokitilia shaka kitabu hiki kwa kukiita Patakatifu pa Patakatifu pa Maandiko. Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, aliyefariki mwaka 1153, aliacha hotuba 86 juu yake, wala hakufika mbali kupita mwanzo wa sura ya 3. Waliona humo upendo wa Mungu kwa taifa lake na kwa roho ya mtu. Hawakukosea. Lakini mfano hauwezi kutufundisha juu ya Mungu ikiwa kile kinachofananishwa naye tunakionea aibu. Mke na mume wanaosifiana kwa kweli ni ishara. Anayeidharau ishara hataelewa kinachoonyeshwa.

Mwishoni msichana anaomba awekwe kama muhuri moyoni na mkononi mwa mpendwa wake. Zamani muhuri ulivaliwa kwa kamba shingoni au kidoleni, na mwenyewe hakuuacha, kwa kuwa ulikuwa kama nafsi yake. Hapo mapenzi yanapimwa na mauti, nayo hayapungui. Moto wake unatajwa kwa neno lenye mwisho wa Yah, ambao wafasiri wengi wameutambua kuwa kifupi cha jina la Mungu, jina ambalo halitajwi waziwazi popote pengine katika kitabu hiki.

Basi wiki hii, kila aliye na mwenzi amtafutie sifa moja ya kweli, aitamke kwa sauti, na akiisha kuitamka, anyamaze kabla ya "lakini". Na Mungu, aliyetutazama sisi sote na kuona kuwa ni vyema sana, azibariki nyumba zenu. Amina.