MADIRISHA YATENGENEZWE KABLA YA MAPAMBO YA KRISMASI

Katika mji wa Kabale, kusini-magharibi ya Uganda, ulio kiasi cha meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, baridi ya usiku ni jambo la kawaida, na mwezi wa Novemba mvua nayo huwa ingali inanyesha. Huo ndio wakati familia zinapoanza kufikiria nyota za karatasi na minyororo ya rangi kwa ajili ya Krismasi. Lakini dirisha bovu hata likipambwa hubaki bovu. Yafaa litengenezwe kwanza.

Siku ya upepo, mtu na ashike uzi mwembamba kandokando ya fremu. Pale uzi unapotikisika ndipo hewa inapopita. Puti iliyopasuka ibanduliwe, kutu isuguliwe kwa msasa, na chuma kipakwe rangi ya kuzuia kutu. Kisha itiwe puti mpya, yaani chaki iliyosagwa na kukandwa kwa mafuta ya kitani. Iachwe kiasi cha wiki mbili kabla ya kupakwa rangi. Kwa hiyo kazi hii isingoje juma la sikukuu. Ukingo wa dirisha linalofunguka waweza kuwekewa ukanda uliokatwa katika mpira wa ndani wa baiskeli. Anayekaa katika nyumba ya serikali aombe ruhusa kabla ya kutoboa ukuta.

Kioo hupoteza joto upesi, bali hewa iliyotulia kati ya kioo na pazia zito huzuia baridi. Pazia lishonewe kitambaa cha pili kwa ndani, na lifungwe jua linapotua. Asubuhi lifunguliwe, na dirisha pia, ili unyevu ulioganda kiooni ukauke.

Hapa pana onyo kubwa. Chumba kilichozibwa vizuri kisiwashwe jiko la makaa kamwe. Makaa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hata moshi ukiisha na makaa yakawa mekundu, sumu hiyo huendelea kutoka. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito; aliyelala huenda asiamke tena. Mwenye dalili hizo atolewe nje mara moja na apelekwe hospitali. Tundu za hewa zilizo juu ya dirisha zisizibwe.

Mapambo yaje mwisho. Nyota hubandikwa kwa uji mzito wa unga wa muhogo, ambao baadaye hutoka kwa maji ya vuguvugu. Zikae mbali na mshumaa na kandili, wala zisifunike komeo.

Baba akiwa zamuni usiku, mama au mtoto mkubwa ndiye mlinzi wa nyumba. Kabla ya kulala na ahakikishe mambo matatu: pazia limefungwa, mshumaa umezimwa, na jiko liko nje.