Kung'oa Kisiki Kilichofukiwa Uani

Viongozi wa vikundi, hakikisheni kwamba kila mtu anasikia vizuri, na mwenye daftari aliweke tayari.

Leo tutazungumza juu ya kisiki cha zamani. Mtu aliyekaa hapo kwanza aliukata mti, akafunika udongo, akasahau. Miaka imepita. Sasa wewe unataka kujenga jiko au chumba cha mtoto. Je, ujenge juu yake? La, usijenge. Sababu ni mbili.

Kwanza, mchwa. Mchwa hupenda mti mkavu uliozikwa. Wakiumaliza, hawaondoki, hutafuta nguzo, milango na mapaa. Pili, kisiki kikioza huacha uwazi chini ya ardhi. Mvua ikinyesha, udongo hutitia na ukuta hupasuka. Kisiki cha mbuyu ndicho hatari zaidi, maana mti wake ni laini kama sifongo, nao huoza upesi na kuacha shimo kubwa.

Utakijuaje? Tazama mahali panapobonyea baada ya mvua, au panapoota uyoga, au penye njia za udongo za mchwa. Kisha chomeka nondo ardhini hapa na pale. Ikigota mahali pamoja kila mara, weka alama.

Sasa, kazi yenyewe. Hapa Dodoma mvua huanza Desemba na kwisha Aprili. Basi chimba Aprili au Mei, udongo ungali na unyevu. Mwezi wa Oktoba ardhi ni ngumu kama saruji. Ikiwa huna budi kuchimba wakati huo, mwaga jioni maji uliyofulia nguo, uchimbe asubuhi. Kama uko mjini, uliza kwanza bomba la maji na waya wa umeme vinapita wapi.

Usianze kwa kukipiga kisiki shoka. Chimba mfereji kukizunguka, kwa sururu na chepe, mpaka mizizi yote mikubwa ionekane. Ondoa mchanga kwenye mizizi, maana mchanga hula makali ya shoka. Kata kila mzizi mara mbili, karibu na kisiki na mbali nacho, utoe kipande cha katikati. Mwisho ingiza mtaimbo chini, mtikise pamoja. Kikikataa, usitumie nguvu. Bado kuna mzizi wa chini haujakatwa.

Wengine hukichoma moto. Jihadharini sana. Moto huweza kufuata mzizi mkavu chini ya ardhi kwa siku kadhaa, ukatokea penye zizi au ghala. Karibu na nyumba, afadhali jembe kuliko kiberiti.

Shimo lisilale wazi hata usiku mmoja, kwa ajili ya watoto na mifugo. Okota vipande vya mizizi. Rudisha udongo kidogo kidogo, kila tabaka la sentimita 15 ulinyunyizie maji na kulishindilia. Kisha ngoja mvua za msimu mmoja zipite kabla ya kujenga hapo.

Msidharau mizizi, ndugu zangu. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa. Matingatinga yao yaliangusha miti, lakini mizizi iliyobaki ardhini iliharibu plau zao. Udongo mgumu na uhaba wa mvua vikaongeza taabu, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Walihesabu kazi iliyo juu ya ardhi, wakasahau iliyo chini.

Lakini si kila kisiki ni adui. Kabla ya kuinua sururu, kwaruza gome kwa kisu. Ukiona ubichi, au machipukizi pembeni, kisiki hicho ni hai. Kikiwa shambani au mbali na ukuta, usikiguse. Chagua machipukizi machache yenye nguvu, kata mengine, yafunge kitambaa kama alama, uyalinde na mbuzi. Mizizi yake tayari imefika kwenye unyevu wa chini, hivyo hukua upesi kuliko mche mpya. Njia hii huitwa Kisiki Hai, na tangu mwaka 2018 imeenezwa katika vijiji vingi vya Dodoma. Hutoa kivuli, kuni na malisho, bila kununua hata mche mmoja.

Basi kumbukeni: kisiki kilichokufa karibu na nyumba, kitoe chote, kisiki hai shambani, kitunze.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Katika ua wa nani kuna mahali panapobonyea? Nendeni mkapapime.
2. Kwa nini mzizi hukatwa mara mbili?
3. Kila mmoja ana visiki hai vingapi shambani mwake? Vihesabuni kabla ya somo lijalo.

Kwaherini, na kazi njema.