Je, Wajua? Honda ilianzia kwenye baiskeli

Je, wajua kuwa pikipiki za Honda zilianza kama baiskeli za kawaida zilizofungwa injini za mtumba? Mwaka 1946, mjini Hamamatsu, Japani, vita vikiwa vimekwisha na usafiri ukiwa wa taabu, fundi Soichiro Honda alipata injini ndogo zilizokuwa zikizalisha umeme wa redio za jeshi. Alizirekebisha na kuzifunga kwenye baiskeli. Tanki la mafuta la ile ya kwanza ya majaribio lilikuwa chupa ya maji ya moto ya kupashia kitanda. Injini hizo, zipatazo 500, zilipokwisha, akaunda ya kwake. Kwa hiyo kuunganisha spea kuukuu si kazi duni. Ndiko ufundi mkubwa unakoanzia, kwa kuwa fundi hulazimika kukielewa kila kifaa kabla ya kukipa kazi mpya.

Wapo watakaosema baiskeli haikuundwa kubeba injini, na hoja yao ina uzito. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 15 hadi 30 kwa saa, nishati ambayo breki inapaswa kuimeza huongezeka mara nne, ilhali vipande vya mpira vinavyobana ringi ni vilevile. Lakini hoja hiyo haikatazi kuunda. Inaonyesha pa kuanzia. Kagua viungio vya fremu kama vina ufa, kaza spoku, weka breki imara zaidi, ndipo ufunge injini.