Muziki wa chipu: Mashine kuukuu ya michezo inavyogeuka kuwa ala ya mwanafunzi

Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Je, itakuwaje kwa anayeshika tatu: masomo, kibarua na muziki?

Swali hili linawahusu vijana wengi katika miji inayokua ya eneo la Mlima Kenya. Mathalani, katika mtaa wa Dallas mjini Embu, wachuuzi, wahudumu wa bodaboda na wanafunzi huishi ua mmoja. Chuo Kikuu cha Embu kilipata hati yake mwaka 2016, miaka mitatu baada ya kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Wanafunzi wengi wa vyuo kama hivyo hulazimika kutafuta riziki wakiendelea kusoma, kwani mlo, kodi ya nyumba na nauli havisubiri mtihani uishe.

Kwa kijana wa hali hiyo aliyejaliwa kipaji cha kutunga nyimbo, gitaa la umeme na ada ya studio ni mzigo mzito. Hata hivyo, ipo aina ya muziki iliyozaliwa kutokana na uhaba wa vifaa. Nayo ni muziki wa chipu.

Huu ni muziki unaotungwa kwa chipu za sauti zilizomo ndani ya kompyuta na mashine za zamani za michezo ya video. Mashine hairudii sauti iliyorekodiwa mahali pengine, bali huizalisha yenyewe, noti baada ya noti, kwa kufuata maagizo ya mtunzi.

Wakenya wengi wameusikia bila kuujua kwa jina. Simu ya Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000, ilikuwa na sehemu ya kumwezesha mwenyewe kutunga mlio wake kwa kubonyeza vitufe. Aidha, watoto wa miaka ya tisini waliocheza michezo ya runinga kwa mashine za bei nafuu zilizoiga Famicom, ambayo kampuni ya Nintendo ya Japani iliizindua mwaka 1983, walilelewa na milio iyo hiyo.

Mashine inayopendwa zaidi na watunzi wa muziki huu ni Game Boy, ya kampuni hiyo hiyo, iliyoingia sokoni mwaka 1989. Huingia mfukoni na hutumia betri nne ndogo, hivyo umeme ukipotea mtaani kazi haisimami.

Ndani yake mna chaneli nne tu za sauti. Mbili hutoa sauti kali mithili ya filimbi, nazo hubeba kiimbo. Ya tatu hufuata umbo la wimbi ambalo mtunzi mwenyewe hulichora kwa hatua 32, na aghalabu hutumiwa kwa besi. Ya nne hutoa mchakacho usio na noti, unaofanya kazi ya kayamba na ngoma.

Sauti nne zaweza kuonekana chache mno. Lakini orutu ya Waluo ina uzi mmoja, na nyatiti ina nyuzi nane, na bado ala hizo zimebeba arusi na matanga kwa vizazi. Uchache wa sauti humfunza mtunzi kuchagua.

Kwa mfano, anapotaka noti tatu zisikike kwa pamoja katika chaneli moja, huziamuru zipokezane kwa kasi kubwa mno. Sikio hushindwa kuzitenganisha, likazisikia kama mkusanyiko mmoja. Mpenzi wa benga atalielewa jambo hili upesi, kwani gitaa la muziki huo nalo huvunja noti na kuzifuatanisha kwa kasi.

Ili mashine ya michezo iwe ala, huhitaji kwanza programu. Mwaka 1998 Oliver Wittchow, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo cha sanaa mjini Hamburg, Ujerumani, alibuni programu ya Nanoloop kwa ajili ya Game Boy. Mwaka 2000 Johan Kotlinski wa Uswidi akatoa nyingine iitwayo LSDj. Programu hizi hutiwa katika kaseti maalumu inayochomekwa kwenye mashine mahali pa mchezo.

Hatua ya pili ni marekebisho ya mashine yenyewe. Kikuza sauti kidogo kilichomo huongeza mvumo usiotakiwa. Fundi hulehemu waya kwenye kidhibiti sauti, mahali ambapo sauti bado haijafika kwenye kikuza sauti hicho, kisha huzipeleka kwenye tundu jipya la kuunganishia spika. Wengine huweka taa nyuma ya kioo ili mashine itumike gizani. Kazi hizi si ngeni kwa fundi wa redio aliyezoea kulehemu.

Hata hivyo, tahadhari ni muhimu. Anayejifunza afungue vifaa vya betri pekee, na betri ziwe zimetolewa. Kifaa kinachochomekwa ukutani hakifai kwa majaribio, na runinga za kizamani zenye kioo kizito huweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuzimwa. Moshi wa kulehemu usivutwe, na mikono ioshwe kabla ya kula, kwa kuwa risasi ni sumu.

Isitoshe, kaseti nyingi za zamani hutunza nyimbo kwa nguvu za betri ndogo ya mviringo. Betri hiyo ikifa, kazi ya miezi hupotea kwa dakika moja. Mtunzi mwangalifu hunakili nyimbo zake kwenye kompyuta mapema.

Swali gumu zaidi ni la fedha. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), iliyoanzishwa mwaka 1995, ni deni litakalolipwa. Anayeutumia kununua mashine ya mtumba na kaseti kutoka ng'ambo huenda akajikuta na wimbo mzuri na sufuria tupu.

Bahati njema, mtu aweza kuanza bila mashine hiyo. Nanoloop ina toleo la simu za Android, na FamiTracker, programu ya kompyuta inayoiga chipu ya Famicom, hutolewa bure. Anayejifunza kwa njia hizo atajua kama muziki huu unamfaa kabla hajagharimika.

Kuhusu wakati, muundo wa programu hizi humfaa mtu mwenye shughuli nyingi. Katika LSDj, wimbo hujengwa kwa vipande vya hatua 16, ambavyo huunganishwa kuwa minyororo. Kipande kimoja chaweza kutungwa ndani ya matatu au wakati wa kumsubiri mteja dukani. Jambo la busara ni kuyapa masomo saa zake zisizoguswa, kisha kibarua, na kuuacha muziki ujaze mianya. Wiki za mtihani, na msimu mkuu wa kahawa wa Oktoba hadi Desemba ambapo vibarua hupatikana mashambani, mashine yaweza kulala kabatini bila hasara.

Je, muziki huu una faida? Wachache huishi kwa huo pekee, na kijana asidanganywe. Lakini atakayeuzoea atakuwa amejifunza kulehemu, hesabu za mawimbi na mantiki ya programu, maarifa yanayohitajika katika ufundi wa simu na uhandisi.

Sheria nayo ipo upande wa mtunzi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huulinda wimbo maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini mtunzi naye asichukue nyimbo za michezo yenyewe na kuziita zake, kwani zina wenyewe.

Afrika Mashariki imekwisha kuonyesha kwamba vifaa duni si kizuizi. Singeli ya Dar es Salaam, isiyo muziki wa chipu lakini yenye kasi na ukali unaofanana nao, ilikuzwa kwa kompyuta za kawaida katika studio ndogo za uswahilini. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za studio ya Sisso, na ngoma hizo zikafika kumbi za Ulaya.

Basi kijana wa Dallas hahitaji kuiacha shule ili atunge, wala kuuzika muziki ili asome. Anachohitaji ni kujua lipi litangulie, kisha kutunga hatua 16 leo na 16 kesho. Haba na haba hujaza kibaba.